Kutu ndani ya mashine ya boti ya mtumba: namna ya kuifungua, kuikagua na kuiwasha tena

Ukinunua mashine ya boti iliyofanya kazi baharini ukaileta Bwawa la Mtera, usidhani chumvi umeiacha Dar es Salaam. Imo kwenye njia za maji ya kupoza, na kama mashine ililala muda mrefu bila kutumika, kutu inaweza kuwa imeshaingia kwenye silinda kabla hujalipa hata shilingi. Ukame wetu wa Dodoma hauiondoi.

Mwongozo huu unahusu mashine za petroli za kupachika nyuma ya boti, zile zinazochanganywa oili kwenye petroli. Kabla hujashika spana, elewa jambo moja: kutu ya ukuta wa silinda mara nyingi hutibika, kutu ya beringi za kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, haitibiki. Mafundi wengi wanatumia siku nzima kung'arisha silinda, halafu beringi mbovu wanairudisha ilimotoka.

Hatua ya 1: Usivute kamba

Muuzaji atakuambia, "Vuta tu fundi, itawaka." Usivute. Chembe za kutu zikisagwa kati ya ringi na silinda zinachora mistari ambayo haikuwepo. Fungua plagi zote, mulika kwa tochi kupitia tundu la plagi. Unga mwekundu wa juu juu ni afadhali. Magamba ya kahawia yaliyoinuka maana yake maji yalikaa humo. Fungua pia skrubu ya chini ya gia: oili ikitoka na rangi ya maziwa, sili imekufa na maji yameingia, kwa hiyo bei ishuke.

Hatua ya 2: Loweka

Simamisha mashine wima kwanza, maji yote ya kwenye mguu yatoke. Ukiilaza kabla hayajatoka, yatarudi kupitia njia ya moshi hadi kwenye silinda. Kisha ilaze matundu ya plagi yaangalie juu. Changanya oili ya gia otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, mimina kama vijiko viwili kwenye kila silinda, uache siku moja au mbili ukiongeza kidogo kidogo. Sehemu ya mchanganyiko itavuja kupitia matundu ya pembeni ya silinda na kushuka kwenye kranki. Usihuzunike, huko nako panahitaji kulowa. Asetoni inashika moto haraka na inakula mpira na rangi, basi fanyia kazi hiyo mahali penye hewa, mbali na jiko.

Hatua ya 3: Zungusha polepole

Weka soketi kwenye nati ya flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya mashine, na uzungushe kuelekea upande wa kukaza. Ukienda upande wa kulegeza, utaifungua nati yenyewe. Sukuma kidogo, achia, sukuma tena. Mashine iliyonoki kwa kutu huachia kwa uvumilivu. Ukilazimisha kwa bomba refu utapinda konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki. Usipige pistoni kwa chuma kupitia tundu la plagi, pistoni ni aluminiamu na itatoboka.

Hatua ya 4: Fungua hedi

Hedi ni kifuniko cha silinda, na hapa ndipo boliti hukatika. Chuma na aluminiamu vikikaa pamoja kwenye chumvi hung'ang'aniana, na utaona unga mweupe shingoni mwa boliti. Ondoa kwanza kabureta na mipira yote ya petroli, ndipo upashe moto aluminiamu iliyozunguka boliti, siyo boliti yenyewe. Legeza zote robo mzunguko kwanza, ukianzia za nje kwenda katikati. Boliti ikigoma, ikaze kidogo halafu ndipo uilegeze.

Fanyia kazi ndani ya chumba. Kuanzia Julai hadi Septemba upepo wa Dodoma unabeba vumbi jekundu linaloingia kila mahali, na vumbi hilo ni msasa. Kila unachofungua kifunike kwa kitambaa safi.

Hatua ya 5: Soma ukuta wa silinda

Bloku ni aluminiamu, lakini ndani yake kuna sliivu ya chuma, na kutu iko hapo. Sugua taratibu kwa msasa wa maji namba 400 uliolowa oili, ukizungusha mkono huku ukipanda na kushuka ili mistari ikatane. Futa, halafu pitisha ukucha. Ukiona doa jeusi ambalo ukucha haulisikii, liache, silinda itafanya kazi miaka mingi. Ukucha ukikwama kwenye shimo, angalia liko wapi. Likiwa juu kabisa, ringi isipofika, si neno. Likiwa kwenye njia ya ringi, peleka bloku karakana ya kuchonga vyuma wapanue silinda, uweke pistoni ya saizi ya juu, 0.25 au 0.50 mm. Nunua pistoni kwanza, silinda ichongwe kwa kuipima hiyo.

Ringi weka mpya. Kwenye mfereji wa pistoni kuna pini ndogo. Mwanya wa ringi lazima ukae penye pini hiyo, la sivyo ringi itakatika.

Hatua ya 6: Kranki

Zungusha kranki kwa mkono, polepole. Inatakiwa iteleze kimya. Ukihisi mchanga mchanga kwenye vidole, hapo ndipo penye ugonjwa. Ukifungua, chunguza rola moja moja kwenye mwanga: mstari mweusi au kishimo kimoja kinatosha kuikataa beringi. Mashine hizi hazina dimbwi la oili, zinategemea ule ukungu ulio kwenye petroli. Rola ikipita kishimoni mara 5,000 kwa dakika, kingo zinabanduka, na vipande vinasambaa kwenye beringi nyingine. Mtera kuna visiki vya miti iliyokufa, viboko na mamba. Sitaki mtu azimikiwe katikati ya upepo kwa sababu ya beringi.

Beringi ya konrodi mara nyingi hubadilishwa kwa kubomoa kranki kwa presi na kuinyoosha upya. Kama hakuna fundi wa hivyo, tafuta kranki nzima. Kranki na silinda zikiwa zimekufa zote mbili, iache hiyo mashine iwe ya spea.

Hatua ya 7: Funga na uwashe

Gaskiti mpya, impela (feni ya mpira inayosukuma maji ya kupoza) mpya, njia za maji zisafishwe kwa maji yasiyo na chumvi. Kaza hedi kwa toki renchi, kuanzia katikati kwenda nje. Pima mgandamizo: mjini Dodoma, kwenye mita 1,100 hivi juu ya bahari, geji itasoma chini kuliko Dar es Salaam, kwa hiyo linganisha silinda na silinda. Tofauti isizidi asilimia 10.

Washa ndani ya pipa la maji. Impela ikizunguka kavu huungua kwa muda mfupi sana. Mashine lazima ikojoe mara moja, yaani irushe nje maji ya kupoza. Isipokojoa, zima. Kwa saa za mwanzo weka mililita 40 za oili kwenye kila lita ya petroli, kisha rudi kwenye kipimo cha kiwanda, kwa mashine nyingi mililita 20. Safari ya kwanza tembea kandokando ya ufuko, ukiwa na kafi na jaketi la kuokolea maisha.