Dang'a Haisubiri Kondo la Nyuma

Bado nakuta wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanaomzuia ndama asinyonye mpaka kondo la nyuma lidondoke, na wengine humwaga dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya ng'ombe kuzaa, kwa madai kwamba uzito wake na umanjano wake ni dalili ya uchafu. Nimewahi kufika zizini saa nne asubuhi nikakuta ndama jike aliyezaliwa saa kumi alfajiri akilamba ukuta, ilhali dang'a ya mama yake ilikuwa imekwisha kunywewa na mbwa. Ndama wa namna hiyo akifa baadaye kwa kuhara au kichomi, lawama huelekezwa kwa dawa.

Kondo la ng'ombe halipitishi kingamwili kwenda kwa mtoto aliye tumboni, hivyo ndama huzaliwa bila kinga na huipata kwa kunywa dang'a tu. Utumbo wake huzipokea kingamwili hizo vizuri zaidi katika saa za mwanzo, kisha uwezo huo hupungua saa hadi saa, na baada ya saa 24 huwa umefungwa.

Kwa hiyo ndama wa kilo 30 apewe lita 3 za mkamuo wa kwanza ndani ya saa 2 tangu azaliwe, na lita 2 nyingine kabla ya saa 12 kupita. Pimeni kwa chombo chenye alama, kwa maana "amenyonya nyonya" si kipimo. Anywe kwa chupa yenye chuchu, wala asimiminiwe mdomoni, isije ikaingia mapafuni. Iwe na joto la nyuzi 38 hadi 39. Ikipoa, chupa itumbukizwe katika maji yasiyozidi nyuzi 50, na kamwe dang'a isichemshwe, kwani huganda kama yai na kingamwili huharibika.

Kuhusu kondo lenyewe, mnaosubiri mnajichelewesha: ndama anaponyonya, mwili wa mama hutoa homoni ya oksitosini, ambayo huteremsha maziwa na papo hapo hubana kizazi ili kondo litoke. Kwa kawaida hutoka ndani ya saa 12. Likipitisha saa 24, aitwe daktari wa mifugo, wala lisivutwe kwa mkono au kufungiwa jiwe.

Ndama aliyeshiba husimama imara na kulala kwa utulivu. Dang'a safi ya mkamuo wa kwanza itakayobaki igandishwe kwenye friza katika chupa za lita moja moja, kwa ajili ya ndama atakayefiwa na mama.