Somo: Kompresa inayopoteza upepo polepole, tuanzie wapi kutafuta

Wakuu, salaam. Somo hili ni la wenzangu wa pancha na wapuliza rangi wenye kompresa ya tangi la lita 50 hadi 100. Tatizo mnalijua: jioni umefunga kazi geji ya presha ikisoma bar 8, asubuhi unakuta 3. Au mchana mota inajiwasha yenyewe na hakuna aliyegusa mpira wa upepo. Umeme unaliwa na pistoni inachoka bure.

Hatua ya 1: Hakikisha inavuja kweli

Upepo ukisukumwa unapata moto, na ukipoa presha hushuka hata kama hakuna tundu popote. Jaza mpaka 8, zima, chomoa waya ukutani, acha saa nzima ipoe. Ndipo uandike namba kwa chaki kwenye tangi na uanze kuhesabu hapo. Kushuka kutoka 8 hadi 7.5 ndani ya saa hiyo ya kwanza kusikutishe.

Hatua ya 2: Toa mpira

Chomoa mpira wa upepo pale tangini, rudia kipimo. Namba ikisimama, ugonjwa uko kwenye mpira au vichwa vyake. Uzamishe kwenye beseni lako la tyubu, utauona.

Hatua ya 3: Sabuni

Sabuni ya kuoshea vyombo, maji kidogo, iwe nzito. Paka kwa mswaki wa zamani kila maungio: shingo ya geji, vali ya usalama, koki ya kumwagia maji chini ya tangi, nati za bomba. Usiloweshe ndani ya swichi ya umeme. Halafu subiri dakika mbili, na hapa ndipo wengi tunakosea kwa haraka. Tundu kubwa linapuliza mapovu mara moja, lakini la polepole linaotesha povu dogo jeupe, kama lile linalobaki kwenye mdomo wa kikombe cha maziwa. Ukipaka na kupita, hulioni.

Hatua ya 4: Sikiliza swichi

Hapa naomba tutulie. Kompresa ikifika 8 na mota kuzima, swichi ya presha, ile inayowasha na kuzima mota yenyewe, hupumua "pfff" mara moja kisha kimya. Inatoa upepo uliobaki kwenye bomba la kutoka kichwani, pale pistoni inaposukumia upepo, ili mota ikiwaka tena isianze na mzigo. Sasa ikiwa ile "pfff" haikomi, inaendelea kwa sauti nyembamba mpaka tangi linashuka, karibu kila mtu anasema swichi imekufa. Mimi nilisema hivyo hivyo, nikanunua mpya, na sauti ikabaki palepale. Muuzaji akaniuzia ya pili.

Upepo unatokea kwenye swichi, lakini unatoroka kwenye vali ya njia moja, pale bomba la kutoka kichwani linapoingia tangini. Kazi yake ni kuuruhusu upepo uingie na kuuzuia usirudi. Isipofunga vizuri, upepo wa tangi unarudi kinyumenyume, unapita kile kibomba chembamba kinachounganisha vali na swichi, na kutokea swichini. Kumbuka hivi: ikilia baada ya mota kuzima, shuku vali ya njia moja; ikilia wakati mota inazunguka, hapo ndipo swichi yenyewe inastahili kushukiwa.

Kabla ya kufungua chochote, chomoa umeme, fungua koki ya chini, mwaga upepo wote mpaka geji isome 0. Usikaze wala kulegeza nati tangi likiwa na presha, hata robo mzunguko. Kisha fungua kofia ya vali, utoe springi na kile kisahani cha mpira. Kwenye yangu nilikuta punje moja ya masizi, ndogo kuliko ulezi, imejibana kwenye kisahani na kuacha kishimo. Nilifuta kikalio kwa kitambaa safi, nikageuza kisahani upande wa pili uliokuwa laini, nikafunga. Swichi zote mbili zilikuwa nzima.

Maungio yaliyovuja, toa utepe mweupe wa kuzibia nyuzi, ule wa zamani wote, zungusha mpya kufuata mwelekeo wa kukaza, na uache uzi wa kwanza wa nati bila utepe. Kipande kikikatika kinaingia ndani na kukwama kwenye hiyo hiyo vali.

MASWALI

Mwanachama, Kahama: Mkuu, nimepaka sabuni kote, sijaona kitu, ila usiku inashuka kutoka 8 hadi 5. Swichi kimya.

Jibu: Ndugu yangu, rudi kwenye koki ya chini. Sabuni hapo huteleza na kudondoka kabla haijaotesha povu. Chukua kikombe cha maji, kiinue mpaka mdomo wa koki uzame, ukishikilie dakika moja. Ukiona mapovu, ifungue tangi likiwa tupu. Mara nyingi ni kutu imekaa njiani. Mwaga maji ya tangi kila jioni.

Mwanachama, Mombasa: Shikamoo fundi. Yangu haivuji, lakini ikitaka kuwaka tena mota inanguruma tu na fyuzi inakatika.

Jibu: Marahaba mwanangu. Je, ikizima unaisikia ile "pfff"? Kama huisikii, upepo umebaki kichwani na mota inashindwa kuusukuma. Safisha kibomba chembamba cha kwenda swichini, kisha angalia kipini cha swichi kinachofungua ile "pfff" kama kimeganda.

Mwanachama, Morogoro: Tangi langu limetoboka chini, katundu ka sindano. Fundi wa kuchomelea anasema ni kazi ya dakika kumi.

Jibu: Usikubali, kaka. Katundu kanakoonekana ni pale kutu ilipomaliza safari; pembeni yake chuma kimebaki chembamba kama karatasi, na moto wa kuchomelea unakidhoofisha zaidi. Tangi hilo likipasuka kwa 8 linaua, nawe ndiye unayechuchumaa pembeni yake. Litoboe matundu makubwa asije mtu akalitumia tena, kisha mota na kichwa vihamishie kwenye tangi zima.