Kigeu kinaposhika jibu lisilo lake katika faili ya .bat

Skripti ya mfano huu (faili ya .bat, yaani orodha ya amri ambazo Windows huzitekeleza moja baada ya nyingine) inatumika katika depo moja ya unga, komini ya Katuba, Lubumbashi. Humwuliza karani idadi ya mifuko, huiweka katika kigeu (jina linaloshika thamani), huiandika katika faili ya mauzo, kisha hurudi mwanzo kwa goto, amri ya kuruka hadi mstari mwingine. Karani alilalamika kwamba kwa mteja wa kwanza idadi haionekani, na kwa wa pili, akiandika 12, kompyuta inamjibu 5, yaani idadi ya mteja aliyetangulia.

Hatua ya 1. Usiibofye faili, fungua dirisha la amri na uiendeshe humo, ili ujumbe wa kosa usipotee dirisha likijifunga. Ondoa @echo off kwa muda, ili uone kila amri inapotekelezwa.

Hatua ya 2. Kagua nafasi kabla ya alama ya sawasawa. Amri ya set /p huuliza swali na kuliweka jibu katika kigeu. Ukiandika set /p mifuko =, umeunda kigeu ambacho jina lake linaishia kwa nafasi, na %mifuko% itabaki tupu.

Hatua ya 3. Kagua mabano. Kosa letu lilikuwa hapa:

if "%jibu%"=="n" (
    set /p mifuko=Mifuko mingapi?
    echo Umeandika %mifuko%
)

Windows husoma fungu zima hadi bano la kufunga, na papo hapo huweka thamani ya %mifuko% iliyokuwapo kabla karani hajagusa kibodi. Ndiyo maana mara ya kwanza haikuwa na kitu, na mara ya pili ilikuwa bado na ile 5. Unaweza kuweka setlocal EnableDelayedExpansion juu ya faili na kuandika !mifuko!, ili thamani isomwe mstari unapotekelezwa, lakini hapo alama za mshangao zilizomo katika maandishi yako zitamezwa. Mimi hupendelea kulitoa swali nje ya mabano:

:uliza
set "mifuko="
set /p mifuko=Mifuko mingapi?
if not defined mifuko goto uliza

Mstari wa pili ni wa lazima, kwa sababu mtu akibonyeza Enter bila kuandika, set /p huacha thamani ya zamani ilivyo.

Hatua ya 4. Zuia sifuri ya mbele. set /a, amri ya kupiga hesabu, huichukulia namba inayoanza na 0 kuwa ya mfumo wa nane: 08 hukataliwa, lakini 010 hupita kimyakimya na kuwa 8, na depo inapoteza bei ya mifuko miwili. Ongeza:

if "%mifuko:~0,1%"=="0" goto uliza