Jinsi ya kutoza kazi ya kupamba nyumba usije ukakosana na mteja

Juzi nilikaa na dogo anayeanza kazi hii hapa Dar, tukapiga hesabu ya mteja wake wa kwanza: sebule moja, Mbezi. Nayaandika na kwa wengine.

1. Toza ile safari ya kwanza ya kwenda kuona nyumba. Akikupa kazi, unaikata kwenye ada.

2. Pima mwenyewe, kwa tepu ya chuma. Programu za simu za kupimia siziamini.

3. Chagua namna ya kutoza. Kwa saa sishauri. Mteja atakuuliza kama na foleni ya Mwenge ameilipia yeye. Mita ya mraba inafaa ofisi. Nyumba ya mtu, taja bei moja ya kazi nzima, na uandike kwamba marekebisho ya mchoro ni mara mbili tu.

4. Tenga ada yako na hela ya vifaa. Hapa ndipo nilipoungua. Zamani nilikuwa naweka cha juu kimyakimya. Sofa ya mninga kutoka Keko, fundi kaniambia 900,000, mimi nikaandika 1,150,000. Mteja akapita Keko na shughuli zake, akaikuta inapigwa msasa, akauliza bei. Jumamosi nzima nilishinda kwenye simu nikijieleza, na mapazia akampa mtu mwingine.

Sasa risiti zote mteja anaziona, kisha naongeza 15% ya usimamizi, imeandikwa wazi. Kwa sofa ile ingekuwa 135,000. Ndiyo, haifiki 250,000 niliyoificha, ila ada ya mchoro nimeipandisha. Asilimia ipige kwenye bei ya kitu, usafiri uuache pembeni. Fundi akikupunguzia, iwe imeshasemwa punguzo ni la nani. Bei ya mbao haitulii, kwa hiyo makadirio yangu yanakufa siku ya 14. Mteja akitaka kumlipa fundi mwenyewe, sawa, ila kasoro za fundi huyo asiniletee mimi. Na mteja akiwa kampuni, atakata kodi ya zuio 5% kwenye huduma. Ukiandika ada na sofa mstari mmoja, mhasibu anaweza kukata kote. Mimi natumia kaunta buku: ukurasa wa kushoto hela ya mteja, wa kulia yangu.

5. Ada yenyewe: 50% kabla ya kuchora, 30% mchoro ukikubaliwa, 20% mwisho. Hiyo 20 hutoka kwa shida. Mito ya sofa ibaki kwenye gari mpaka meseji ya muamala iingie.