Namna ya Kurudisha Usingizi wa Usiku kwa Aliyezoea Kukesha Ziwani

Mdogo wangu alivua dagaa kwa miaka 9 kutoka mwalo wa Kibirizi kabla ya kuacha uvuvi na kufungua duka la nafaka Mwanga, hapa Kigoma. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza kwa kuvutwa na taa, na mbalamwezi inapong'aa mitumbwi hubaki nchi kavu, kwa hiyo mwili wake ulikuwa umezoea kufuata mwezi badala ya jua. Baada ya kuacha kazi hiyo alikaa miezi 4 akiwa macho hadi saa 9 usiku, na mchana akawa mzito wa kichwa, mkali kwa wanawe na asiyetamani kuonana na watu. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na hatua zifuatazo ndizo tulizozipitia pamoja.

Hatua ya 1: Daftari la siku 7

Kila asubuhi andika ulipanda kitandani saa ngapi, unakisia ulilala kwa jumla ya saa ngapi, na uliamka saa ngapi. Makisio yanatosha. Usitazame saa usiku, kwani kuhesabu muda uliobaki kabla ya alfajiri humzindua hata aliyekuwa ameanza kusinzia. Napendelea daftari na kalamu kuliko programu za simu zinazodai kupima usingizi, kwa sababu simu ndiyo ya kwanza kutolewa chumbani. Saa ya mezani yenye kengele inatosha.

Hatua ya 2: Shika saa ya kuamka

Hapa ndipo nilipompotezea mdogo wangu miezi 2. Nilimwagiza apande kitandani saa 3 usiku, nikiamini kwamba aliyekosa usingizi anapaswa kulala mapema, naye akawa anagaagaa gizani kwa saa 6 mpaka akaanza kukiogopa kitanda chenyewe. Kiu ya usingizi huongezeka kadiri mtu anavyokaa macho, na anayelazwa kabla kiu hiyo haijakomaa hujifunza jambo moja tu, kwamba kitandani ni mahali pa kukesha.

Njia iliyofaa ni kinyume chake. Chagua saa moja ya kuamka na uishike kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, hata kama umelala kwa muda wa saa 2 tu. Kisha chukua wastani wa daftari lako: mdogo wangu alikuwa akilala kwa muda wa saa 5 na nusu, akachagua kuamka saa 12:30 asubuhi, hivyo tukahesabu kurudi nyuma na kupata saa 7:00 usiku, na kabla ya hapo hakuruhusiwa kupanda kitandani. Usishuke chini ya saa 5 za kitandani hata kama daftari linaonyesha pungufu.

Ukipanda na usingizi usije kwa muda unaokadiria kuwa dakika 20, toka chumbani, ukikumbuka kuchomeka chandarua nyuma yako ili mbu wasiingie. Kaa mkekani penye mwanga hafifu ufanye kazi isiyosisimua, na urudi pale tu macho yanapokuwa mazito. Mdogo wangu alichambua maharage ya dukani. Usiku wa kwanza alitoka mara 5, na wiki ya kwanza yote alichoka kuliko awali, jambo ambalo ni la kawaida na ndilo linalowafanya wengi waache njiani.

Kwa sababu ya uchovu huo, dereva wa bodaboda, anayeendesha mashine, mwenye kifafa na mwenye ugonjwa wa akili unaompandisha na kumshusha hisia wasianze hatua hii bila kuzungumza na daktari. Vilevile anayekoroma kwa nguvu huku pumzi ikikatika usingizini aende hospitali kwanza, kwani tatizo lake ni la njia ya hewa na ratiba pekee haitalimaliza.

Hatua ya 3: Jua la asubuhi

Mwanga wa asubuhi ndio unaoipanga saa ya mwili. Ushauri wa kutoka nje saa 12 asubuhi unaofaa Dar es Salaam hautufai sisi, kwa kuwa Kigoma iko magharibi kabisa ya nchi na jua letu huchomoza takriban dakika 40 baadaye, yaani karibu na saa 1. Toka wakati huo na utembee dakika 30 bila kulikodolea jua macho; ukifanya hivyo siku 5 kwa wiki, umetimiza pia dakika 150 za mazoezi zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani.

Hatua ya 4: Kahawa

Mwisho wa kuinywa ni saa 6 mchana. Hata ukipita muda wa saa 5 hivi tangu uinywe, nusu ya nguvu yake bado imo mwilini.

Hatua ya 5: Mawazo ya usiku

Saa 11 jioni, kukiwa bado na mwanga, andika kila linalokusumbua na mbele yake hatua moja ya kesho. Mdogo wangu aliandika madeni ya duka, jina na kiasi, na wazo lilipomjia usiku alijua limeshaandikwa. Huzuni ikizidi wiki 2, au yakija mawazo ya kujidhuru, usisubiri daftari. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Hatua ya 6: Kuongeza muda

Ukilala sehemu kubwa ya muda wa kitandani kwa wiki nzima, wahi kupanda kwa dakika 15, na usitumie pombe wala vidonge vya kununua bila cheti kuharakisha, kwani pombe huleta usingizi unaokatikakatika na vidonge huzoeleka. Safari ya kutoka saa 7:00 hadi saa 5:00 usiku ilituchukua wiki 10, na sasa analala kwa muda wa saa 7 na zaidi, hata usiku wa giza ambapo taa za wenzake huonekana ziwani.