Mgeni Dar es Salaam: muulize aliyekaa, usimfuate aliyekufuata

Basi likisimama Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, hujamaliza kushuka ngazi na tayari kuna mkono umeshika begi lako. "Bosi, wapi hiyo? Kariakoo? Twende, bajaji hii hapa." Mkono huo mara nyingi si wa mwizi. Ni wa mpiga debe au mbeba mizigo anayetafuta riziki yake. Ila mgeni hana namna ya kumtenganisha huyo na tapeli aliyesimama pembeni yake, maana wote wawili wanaongea lugha moja na wote wana haraka. Kwa hiyo usijisumbue kuwatenganisha. Sema "asante, napokelewa," shika begi lako, tembea.

Ukihitaji kuuliza kitu, muulize mtu aliyekaa kwenye biashara yake: mama ntilie, wakala wa simu kibandani, muuza maji mwenye meza, karani kwenye ofisi ya basi. Mtu wa namna hiyo kesho atakuwa palepale, na jirani zake wanamjua. Aliyekufuata hana kituo, na akishakuchukulia chako humpati tena. Karibu kila utapeli utakaoelezwa hapa chini unaanza na mtu aliyekuja kwako, awe kwa miguu au kwa simu.

Kabla hujapanda basi la kuja

Andika kwenye karatasi, si kwenye simu tu: jina la mtaa unakokwenda, kituo cha daladala cha kushukia, alama kubwa iliyo karibu (msikiti, shule, kituo cha mafuta) na namba mbili za watu wako. Namba moja ikariri kabisa. Simu ikiibwa au ikizima chaji, karatasi na kichwa ndivyo vitakavyobaki.

Bonyeza *#06# kwenye simu, itatoa namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, ya tarakimu 15. Iandike, umwachie mtu nyumbani. Polisi wataiulizia siku simu ikipotea.

Fedha zigawe sehemu tatu. Nauli na matumizi ya siku, labda shilingi 10,000 katika noti ndogo, ziwe mfuko wa mbele. Akiba iwe ndani ya nguo. Kubwa ibaki benki au kwenye simu. Mgeni anayetoa noti ya 10,000 kulipa nauli ya daladala anakuwa amewaonyesha watu thelathini pochi yake ilipo.

Angalia pia saa ya kufika. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, watu wengi wanashushwa Mbezi saa tisa usiku. Ukifika saa hiyo na hakuna mwenyeji aliyekuja kukuchukua, usitoke nje ya stendi. Kaa kwenye mwanga, karibu na abiria wengine, begi kubwa chini ya miguu na dogo mapajani, mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Kutoka Mbezi Luis hadi Posta ni zaidi ya kilomita 20, na si safari ya kuianza gizani na dereva usiyemjua. Anayefika kwa treni ya SGR anashukia mjini kabisa, ila kanuni ni ileile.

Daladala, mwendokasi, bodaboda

Kwenye daladala simu inaibwa sehemu mbili. Ya kwanza ni mlangoni. Gari linafika, watu wanasukumana, mmoja mbele yako anajifanya amekwama ngazini, aliye nyuma anakusukuma, na wa tatu anapitisha vidole mfukoni. Umebanwa kila upande, kwa hiyo huhisi mkono wa ziada. Dawa yake ni kuhamisha simu kabla gari halijafika: mfuko wa mbele, mkono juu yake, begi la mgongoni livaliwe kifuani. Kama kuna msukumano usio wa kawaida kwenye gari lenye nafasi, rudi nyuma, subiri linalofuata.

Ya pili ni dirishani. Gari limesimama kwenye foleni, Buguruni au Tazara, abiria ameegemea dirisha anachati. Mkono unaingia kutoka nje na simu inaondoka, mwenye nayo akibaki na vidole vimekunjwa vilevile. Ukikaa dirishani na gari limesimama, simu iwe imefichwa, au kioo kiwe kimefungwa hata kama joto ni kali.

Kabla ya kupanda jioni, muulize konda, "Unafika mwisho?" Daladala nyingi usiku hukatisha ruti: gari limeandikwa Mbagala lakini linaishia njiani, mnashushwa wote barabarani saa nne usiku. Ukijua mapema unachagua jingine. Nauli shika mkononi ikiwa kamili, na umwambie konda kituo chako mara mbili: unapolipa, na unapokaribia.

Mabasi ya mwendokasi yana njia yake, hivyo hayakai kwenye foleni, lakini msongamano wa vituo vikubwa kama Kimara na Gerezani ni mkubwa kuliko wa daladala, na wachomoaji wanaupenda. Nauli lipa kwa utaratibu rasmi wa kituo tu. Anayekuuzia tiketi pembeni "ili usipange foleni" anakuuzia karatasi iliyokwisha tumika.

Bodaboda chukua kijiweni, pale wanapopaki pamoja na kufahamiana, usichukue inayozunguka peke yake usiku. Patana bei kabla hujapanda, na useme "mpaka mlangoni," la sivyo ukifika inaanza hesabu mpya. Vaa kofia ngumu hata ikiwa chafu. Weka kitambaa ndani. Ukiita gari kwa programu, soma namba ya gari nyuma yake kabla hujafungua mlango, na usiseme wewe jina la dereva. Muulize, "Umemfuata nani?" Kama hajui jina lako, si gari lako. Teksi bubu, yaani gari binafsi linalobeba watu kwa wizi, iache, hasa ikiwa tayari ina "abiria" wawili ndani.

Kariakoo na mitego ya barabarani

Kariakoo nenda asubuhi, ukiwa na fedha ya kitu unachonunua tu. Mtego unaojulikana zaidi ni wa simu ya bei poa. Kijana anakufuata, simu ni nzima, unaishika, unapiga picha, mnapatana. Anaiweka kwenye boksi au soksi "isichunike," ghafla mwenzake anasema polisi wanakuja, anakukabidhi haraka na kupotea. Ukifungua nyumbani ni kipande cha sabuni au kigae. Mchezo wote uko kwenye ile sekunde ya "polisi wanakuja". Simu nunua dukani, washa, weka laini yako, piga, ndipo ulipe, na udai risiti ya EFD.

Mwingine ni wa bunda lililookotwa. Mtu mbele yako anaangusha kifurushi, mwingine anakiokota, anakukonyeza mkagawane uchochoroni. Bunda ni karatasi zenye noti moja juu. Ukiingia uchochoroni utaombwa "dhamana", na uchochoro wenyewe ndio hatari zaidi kuliko bunda. Endelea na safari yako kama hukuona.

Usitembee peke yako kwa miguu usiku kwenye bonde la Jangwani, fukweni baada ya magharibi, wala kando ya barabara kuu ukiongea na simu upande wa magari. Waporaji wa pikipiki hunyakua kutoka upande huo. Mkoba beba upande wa ukuta, na ukivutwa uachie. Watu huumia kwa kuburutwa na mkanda wa mkoba wa shilingi 15,000.

Ukiibiwa, pima kabla ya kupaza sauti ya "Mwizi!" Neno hilo Dar linakusanya umati kwa nusu dakika, na umati hauulizi mara mbili. Amewahi kupigwa asiyehusika. Sema "Simu yangu!" na umwonyeshe konda au mlinzi aliye karibu.

Simu inayokupigia

"Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja…" Ujumbe huu unakwenda kwa maelfu ya watu, na siku zote yupo mmoja aliyekuwa njiani kumlipa mwenye nyumba au fundi. Huyo ndiye anayetuma. Usijibu, mpigie mtu wako kwa namba uliyonayo tangu zamani. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040, kisha fuata maelekezo ya kutaja namba ya tapeli.

Anayesema "nimekosea kutuma, nirudishie" mwambie apige huduma kwa wateja. Wewe angalia salio kwa menyu, usiamini ujumbe peke yake. Namba ya siri haiulizwi na mfanyakazi yeyote wa mtandao. Na baada ya kusajili laini kwa wakala, piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Ukiambiwa "kidole hakijasoma, weka tena" mara tatu nne, hakikisha hakujatoka laini ya pili.

Chumba cha kupanga

Dalali kwa kawaida anachukua kodi ya mwezi mmoja, na wenye nyumba wengi wanataka miezi mitatu hadi sita mkupuo. Ni fedha nyingi kumkabidhi mtu mliyekutana leo. Usilipe siku ya kwanza. Rudi kesho yake jioni bila dalali, uwaulize majirani na mjumbe: mwenye nyumba ni nani, na yuko wapi? Chumba kimoja huweza kuuzwa kwa wapangaji watatu na mtu ambaye naye ni mpangaji tu. Malipo yafanyike mbele ya mwenye nyumba, mkataba upitie ofisi ya serikali ya mtaa, na fedha iende kwenye akaunti yenye jina lililo kwenye mkataba.

Kisha tazama ukuta kwa nje, chini, nyuma ya ndoo na mabati. Kama rangi ni mpya mpaka usawa wa goti na juu yake ni ya zamani, au kuna mstari wa kahawia umejichora usawa mmoja kuzunguka nyumba, hayo huenda ni maji ya mafuriko, kama ya Mto Msimbazi, yaliyoingia masika. Mabondeni kodi ni rahisi kwa sababu hiyo. Pia uliza kama mita ya umeme ya LUKU ni yako au ya kuchangia, na mnachangiaje.

Siku ya kuhamia, kabla ya godoro, badilisha kitasa. Funguo za zamani ziko kwa watu usiowajua.

Likishatokea

Polisi piga 112; zimamoto 114. Simu ikiibwa, anza na fedha: tumia simu ya mtu mwingine mwenye laini ya mtandao wako, piga 100, laini na akaunti zifungwe. Halafu kituo cha polisi cha karibu, na usiondoke bila namba ya RB, yaani ya kumbukumbu ya taarifa yako, iliyoandikwa. Ukiwa umejeruhiwa omba fomu ya PF3, ile ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Damu ikiwa inatoka nyingi nenda hospitali kwanza, mwenzako aifuate fomu. Laini mpya unaipata kwa kidole na namba ya NIDA kwenye duka la mtandao lenyewe, si kwa kijana mwenye mwavuli aliyekuona unalia akasema anaweza kukusaidia haraka.