Gari inazima injini ikipata moto: ipime ikiwa bado imegoma

Asubuhi inawaka fresh, unatembea kama nusu saa, ukifika kwenye foleni ya Mbagala inazima, unapiga stata inazunguka tu haishiki, unasubiri ipoe alafu inawaka kama haijawahi kuumwa. Ukiifikisha gereji imeshapona, fundi anabaki kubahatisha kwa hela yako. Nishaletewa IST imebadilishwa plagi, koili zote nne na pampu ya mafuta na bado inazima vilevile. Hapa naongelea injini ya 1NZ (IST, Vitz, Probox).

Hatua ya 1: Iendeshe mpaka izime, na uangalie inavyokufa. Ikikata ghafla kama umezima swichi, waza umeme au sensa. Ikianza kukosa nguvu na kukwamakwama kwanza, waza mafuta. Geji ya joto ikiwa juu hilo ni tatizo lingine, na mfuniko wa rejeta usiuguse.

Hatua ya 2: Hapohapo, kabla haijapoa, mtu apige stata macho yakiwa kwenye mshale wa RPM (unaoonyesha injini inazunguka kasi gani). Ukinyanyuka kidogo, sensa ya krenki (inayoiambia kompyuta ya gari kuwa injini inazunguka) inaongea. Ukilala sifuri, mshukiwa namba moja ndo sensa hiyo. Mashine ya kupimia ikisoma P0335 (kodi ya hitilafu ya sensa ya krenki) vizuri, ila mara nyingi haileti kodi yoyote, na IST za zamani za Japani vile vidude vya bei chee vya bluetooth vinagoma kuzisoma kabisa.

Hapa ndo watu wanapopigwa: sensa ikifa, kontrol boksi (kompyuta ya gari) haioni injini inazunguka, kwahiyo inakata moto wa plagi na pampu pia inaweza isifanye kazi, fundi akisikia pampu kimya anakwambia nunua pampu.

Hatua ya 3: Sensa iko chini mbele, karibu na puli ya krenki, waya mbili. Zima swichi, weka kitambaa chenye maji baridi juu yake dakika chache, toa mkono, jaribu tena. Ikiwaka wakati injini nzima bado ya moto, umemkamata. Cheki pia soketi kama imelowa oili, chezesha waya, maana nishakuta sensa nzima ila waya umekatikia ndani ya ganda.

Hatua ya 4: RPM inasoma na bado haiwaki? Fungua mfuniko wa tenki, ikivuta pumzi kwa nguvu alafu ikawaka, tenki halipumui. La sivyo funga geji ya kupima presha ya mafuta, iwe 44 mpaka 50 psi, ikishuka injini ikiwa ya moto ndo urudi kwenye pampu chini ya siti ya nyuma.

Ukibadilisha sensa chukua used orijino, mpya za bei ya kutupa nishafunga moja ikarudi na ugonjwa uleule kesho yake. Na usikabidhi gari kwa kuwasha gereji tu, kaa nayo juani mpaka feni ipige mara tatu.